Viwanda vya Ben Wyvis visichanganywe

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kosa linalorudiwa kila zinapotajwa wiski za viwanda vilivyokufa: kuchanganya viwanda vyenye jina la Ben Wyvis. Ben Wyvis ni mlima wa kaskazini mwa Uskoti, na jina lake limewahi kupewa viwanda viwili tofauti.

Cha kwanza kilijengwa Dingwall mwaka 1879, kikaitwa Ferintosh kuanzia 1893, kikafungwa 1926. Cha pili kiliishi miaka 12 tu, 1965 hadi 1977, tena ndani ya uzio wa kiwanda kikubwa cha Invergordon, kando ya hori ya Cromarty. Invergordon hukeneka, yaani huchemsha pombe na kupoza mvuke wake, wiski ya nafaka kwa minara inayofanya kazi mfululizo. Ben Wyvis ilitumia kimea cha shayiri kitupu na vyungu viwili vya shaba: kimoja kilikeneka pombe iliyochachuka, cha pili kikakeneka upya kilichotoka humo. Wiski yake ilikusudiwa kuchanganywa na wiski nyingine, ndiyo maana chupa zenye jina lake ni adimu na ghali mno. Mnunuzi atazame kwanza mwaka wa kukenekwa. Ukiwa ni baada ya 1977, asitoe hata senti.

Vyungu vile vilinusurika. Vilipelekwa Campbeltown, kwenye kiwanda cha Glengyle kilichokuwa kimefungwa tangu 1925 na kikaanza tena kazi 2004. Wiski yake huuzwa kwa jina la Kilkerran. Basi husemwa kwamba Kilkerran ni Ben Wyvis iliyofufuka. Sivyo hata kidogo. Kabla ya kusimikwa, mabega ya vyungu yaliviringishwa, na mkono unaopitisha mvuke ukainuliwa uelekee juu. Mkono ukielekea juu, mvuke mzito hupoa njiani, hugeuka matone na kutiririka tena chunguni, ukenekwe upya. Hugusa shaba kwa muda mrefu zaidi, na shaba hunasa harufu ya salfa. Kinachovuka ni pombe nyepesi kuliko ile ambayo vyungu hivyo vingetoa vikiwa na umbo la awali. Hapo sijagusa maji, muda wa kuchacha, wala uamuzi wa mkenekaji kuhusu lini aanze na lini aache kukinga sehemu ya katikati ya pombe inayotoka chunguni, ambayo ndiyo pekee inayoingia pipani.

GlenWyvis ya Dingwall, iliyofunguliwa 2017 kwa hisa za wananchi, nayo ni kiwanda kingine kabisa.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam