Madarasa ya udongo: tusilaumu udongo, tuhesabu siku za kumwagilia

Mhariri,

Vijiji vingi vinajenga madarasa kwa matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Tunaunga mkono, maana hakuna mti unaokatwa kulisha tanuri. Lakini ukuta ukianza kumomonyoka masika ya pili, lawama zote hutupiwa udongo, na mara nyingi udongo hauna kosa.

Upimwe kabla ya kununua saruji. Ondoeni tabaka la juu lenye mizizi, chukueni wa chini yake, mkande na maji, mjaze kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kilichopakwa mafuta. Ukishakauka, sukumeni upande mmoja mpime pengo. Likiwa chini ya milimita 15, ndoo 1 ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. 15 hadi 30, kwa 16. 30 hadi 45, kwa 14. Zaidi ya hapo mfinyanzi ni mwingi mno: ongezeni mchanga kwanza, mpime tena.

Madarasa mengi huharibikia kwenye kumwagilia. Tofali likianikwa juani, jioni linaonekana gumu, lakini likwaruze kwa msumari uone linavyotoa vumbi: maji yamekimbia kabla saruji haijashika. Yapangwe kivulini, yafunikwe kwa nailoni au nyasi, yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha yaachwe hadi yatimize 28. Maji hayo huishia vichwani mwa akina mama na wanafunzi, nalo ni jambo la kusikitisha. Gharama yake iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na ufyatuaji ufanyike mvua zinapoisha, visima vikiwa bado vimejaa.

Msingi uwe wa mawe, uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi; upenu utokeze 60. Na boma lisiachwe bila paa kupisha masika, hata kama fedha za bati zimechelewa: kozi ya juu, yaani safu ya mwisho ya matofali, ifunikwe.

Kuhusu joto, tazameni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoibuni mbunifu majengo Francis Kéré kijijini kwao, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za udongo na saruji, na bati limeinuliwa juu ya dari kwa nondo za kawaida zilizochomelewa palepale, hivyo hewa ya moto inapita katikati na kutoka. Nondo na mashine ndogo ya kuchomelea zinapatikana hata mji mdogo wa wilaya.

Tunaziomba kamati za shule zibadilishe mkataba mmoja tu: fundi asilipwe kwa idadi ya matofali yaliyotoka mashineni, alipwe kwa yaliyotimiza siku 28 bila ufa. Tarehe ya kufyatuliwa iandikwe kwa chokaa kwenye kila rundo.

Mafundi ujenzi,
Dodoma