Kabla Hujalipa Dipoziti

Voi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Picha ulizonitumia za nyumba mnayotaka kupanga mkihamia Mombasa nimeziona. Kabati za jikoni nyeupe, sebule ya vigae, na roshani yenye kiti kinachoangalia bahari. Umeniuliza, "Mama, si pazuri?" Pazuri. Ila hapo ni Mtwapa, na mumeo ameitwa kazini Changamwe. Tangu jana nageuza maneno nikuambieje nisikuvunje moyo.

Ukishalipita daraja la Mtwapa ushatoka Mombasa, uko Kaunti ya Kilifi. Hilo halina neno, watu wengi wanaishi huko na wanaishi vizuri. Neno liko kwenye safari ya asubuhi. Mumeo atavuka mkono wa bahari wa Mtwapa, ashuke Shanzu na Bamburi, akwame kwenye foleni ya Kongowea, avuke daraja la Nyali, akate kisiwa kizima, kisha atoke tena kwa Makupa ndipo aione Changamwe. Maji mara tatu kwenda, maji mara tatu kurudi. Hicho kiti cha roshani atakalia nani? Akifika nyumbani kiza kimeingia na watoto wamelala.

Nyinyi wa Nakuru mmezoea kuuliza ni kilomita ngapi. Mombasa uliza kwanza, navuka wapi? Mji wenyewe ni kisiwa. Kaskazini mlango ni daraja la Nyali, hili la sasa lililofunguliwa 1980 nikiwa bado msichana. Magharibi ni Makupa na Kipevu. Kusini ni feri ya Likoni. Basi, kila mtu mjini anabanana kwenye hiyo milango michache, na saa za kubanana ni zilezile.

Mimi hayo sikuyajua tulipohamia, na hakuna aliyeniambia. Wewe ulikuwa huna hata miaka miwili. Baba yako alipata kibarua bandarini, tukapanga vyumba viwili Mtongwe, upande wa Likoni, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na upepo wa bahari ulikuwa unaingia hadi kitandani. Tulijiona wajanja. Bandari tunaiona palepale mbele, taa zake usiku kama harusi. Nikajiambia tuko karibu na kazi. Kumbe kuona si kufika.

Usiku mmoja ulishikwa na homa, ukaanza kukakamaa. Degedege. Baba yako yuko zamu ya usiku, ng'ambo. Nikakufunga mgongoni kwa leso, jirani akanisindikiza hadi kivukoni Likoni, maana tulitaka kukufikisha Makadara, hospitali kuu. Feri ilikuwa upande wa pili. Usiku feri huwa chache, nayo haiji kwa sababu wewe una haraka. Nilisimama pale kwenye mteremko wa saruji, maji yanapiga miguuni, namwona mtu ng'ambo amevaa shati jeupe anapasha moto kahawa. Namwona kabisa, anainua kifuniko, mvuke unatoka. Na mimi siwezi kufika alipo. Mzee mmoja aliyekuwa na kreti za samaki alilowesha kitambaa akakufuta kichwa, akakurudia, akakurudia, hakusema kitu. Sijui jina lake mpaka leo. Tulifika, ulipona, ndiyo maana nakuandikia.

Halafu ikaja tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi ile feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wanakwenda kazini kisiwani. Baba yako alikuwa ng'ambo, ametoka zamu, anaingoja hiyohiyo imrudishe nyumbani. Hajawahi kunihadithia alichokiona. Mwezi haukuisha, tukahamia Tudor.

Nisije nikaiponda Likoni ya leo kwa machungu yangu ya zamani. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu, mwenye gari anatoka Miritini hadi barabara ya Lunga Lunga bila kuigusa feri. Kwa mumeo, kama mngekuwa na gari, Likoni ingekuwa jambo la kufikiria. Hamna gari. Tuendelee.

Nyali nayo kila mtu atakutajia, kwa kuwa ndiyo wanayoijua kwa jina. Barabara pana, miti, shule, maduka makubwa. Kodi yake itawala mshahara, na bado daraja liko palepale. Sisemi zaidi.

Mimi naona pawili. Pa kwanza ni Mikindani, kule juu kwenye kilima, ukishaiacha barabara kuu ya Nairobi. Wafanyakazi wengi wa bandari wanakaa huko, na mumeo hatavuka maji hata mara moja. Lakini mjukuu wangu mdogo ana kifua, na upande wote ule wa Changamwe, Magongo na Port Reitz ni njia ya matrela ya makontena, usiku na mchana. Moshi na vumbi. Ukienda kuangalia nyumba, pitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, kisha mwulize jirani amefagia lini. Na zunguka nyuma ya ukuta uone kuna nini. Si mbali na hapo, Owino Uhuru, wanakijiji waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri mlangoni, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupandishwa ngazi baada ya hapo. Anayetafuta nyumba hutazama vigae. Ukuta wa nyuma hakuna anayeutazama.

Pa pili ni Tudor. Fleti zake za zamani, vyumba vidogo, rangi imechakaa, na picha zake hazitakupendeza. Lakini asubuhi wakati wengi wanaingia kisiwani, mumeo atakuwa anatoka. Makadara iko karibu, hata tuktuki ya usiku itawafikisha. Watoto watapata shule upande huohuo. Hili la shule lishike: kazi ikibidi kuwa ng'ambo, iwe kazi, lakini shule ya watoto isiwe ng'ambo ya maji na nyumba. Siku ya mvua gari la shule likikwama darajani, mtoto wa darasa la kwanza ana njaa na haja ndogo, hapo ndipo utanikumbuka.

Sasa maji ya kunywa. Mombasa haina maji yake ya kutosha. Yanatoka Baricho, Marere, Tiwi, na bomba la Mzima linatoka Tsavo na kupita huku kwetu Voi, kwa hiyo mkifungua mfereji mjue mnakunywa ya kwetu. Shida ni kwamba mfereji wenyewe hautoki kila siku. Ajenti atakwambia "maji yapo masaa ishirini na nne." Anaweza kuwa hasemi uongo, ila ni maji ya kisima, yana chumvi. Usibishane naye. Omba kunawa mikono, tena kwa sabuni. Povu likikataa kutoka, umeshajibiwa. Ukipata nafasi chungulia ndani ya birika la jirani: gaga jeupe likiwa limeganda chini, ujue ya kunywa na ya chai mtayanunua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Uliza mtungi wa lita 20 unauzwa bei gani mtaa huo na hupanda bei gani mfereji unapokauka, zidisha kwa mwezi, ongeza kwenye kodi. Hiyo ndiyo kodi yenyewe. Uliza pia tangi la juu ni la wapangaji wangapi, na stima ikipotea pampu inaendeshwa na nini.

Mvua je? Mnaangalia nyumba Januari, jua kali, barabara kavu kama mkate. Masika yanaingia Aprili, na Mei ndiyo mwenyewe. Tazama kuta za chini. Ukikuta rangi mpya imepakwa mpaka usawa wa goti tu, juu ya zamani, usiulize sana, toka. Na upepo: simama katikati ya chumba cha watoto mchana, funga mlango, kaa kimya dakika tano. Wakati wa kaskazi joto la Mombasa halina huruma, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani ni picha tu.

Kuhusu usalama, usimwulize mtu "hapa pana usalama?" Kila mtu atasema upo, mtaa ni wake. Muulize mama wa mahamri duka la mwisho linafungwa saa ngapi. Lakini kwanza msalimie, nunua mbaazi, kaa ule. Huko ukianza na swali kabla ya salamu utajibiwa kwa adabu na hutaambiwa kitu. Saa moja jioni rudi, uone nani yuko barazani. Wazee wakiwa wanakunywa kahawa na watoto wanacheza, mimi roho yangu ingetulia.

Na yule rafiki wa mumeo anayetaka kuwauzia nyumba, mwambieni asubiri. Mombasa kuna mambo ya nyumba bila ardhi, umenunua kuta na mchanga ulio chini ni wa mtu mwingine. Hayo si ya kuamua kwa simu. Pangeni kwanza, hata pabaya kidogo, miezi mitatu au minne, mjue mji unavyoamka.

Niambie zamu ya mumeo inaanza saa ngapi, kwa sababu ikiwa ni ya alfajiri nitabadilisha nusu ya niliyoyasema. Na usilipe dipoziti ya Mtwapa kabla sijafika. Treni inasimama hapa Voi, nitashuka Miritini, twende Tudor na Mikindani kwa miguu, mimi na wewe. Nitawaletea ndizi za Taveta.

Ile mitungi yako miwili ya bluu usiigawe hapo Nakuru. Njoo nayo.

Mama yako