Barua kwa ami yangu, kuhusu tamasha la Freddie

Ami, shikamoo.

Juzi barazani ulisema Wazungu wana ajabu: mtu kafa, badala ya kumsomea wanampigia magitaa uwanja mzima. Sikutaka kubishana nawe mbele za watu, ndiyo maana naandika.

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, yule Farrokh Bulsara wa Kiparsi aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946, aliyaficha maradhi yake mpaka dakika za mwisho. Tarehe 23 Novemba 1991 ndipo alipotangaza kuwa ana UKIMWI. Kesho yake jioni akafariki. Enzi hizo hata London watu waliogopa kumpa mkono mgonjwa. Wenzake watatu wa bendi wangeweza kunyamaza, yakapita. Lakini 20 Aprili 1992 walijaza uwanja wa Wembley, London, watu 72,000 kumkumbuka, na ugonjwa ukatajwa jukwaani bila kificho. Elizabeth Taylor, mcheza filamu, alipanda si kuimba, bali kuwaambia vijana wajikinge. Mmoja akampigia kelele ashuke. Mama wa watu akajibu kuwa atashuka, ila ana la kusema kwanza. Na kusomewa alisomewa, ami: mwimbaji David Bowie alipiga goti akasoma sala ya Baba Yetu mbele ya umati wote ule. Kisha ukaundwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao hadi leo unasaidia miradi ya kupambana na UKIMWI, Afrika ikiwemo.

Sisi je? Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ufukweni ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, ikapingwa, ikafutwa. Sina neno na hilo; ulevi ufukweni sitautetea. Tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani, wageni wanapiga picha mlangoni, fulana zinauzwa. Jina lake tunalila vizuri tu. Mgonjwa wa maradhi yaleyale, lakini, mitaani kwetu bado anatengewa kikombe chake na sahani yake, na wengine huifuata dawa mbali ili wasionwe na jirani.

Basi nataka tufanye usiku mmoja wa taarabu, fidla na ganuni, hakuna bia, na mapato yawe nauli ya hao wanaofuata dawa. Waimbaji nitawatafuta mimi. Ninachoomba kwako ni ukae safu ya mbele, maana wazee wakikuona pale, nusu ya maneno yatakwisha. Ijumaa baada ya sala nitapita nyumbani unipe jibu.