Daftari la ardhi liwe wazi kijijini

Mhariri,

Naandika kuhusu usajili wa ardhi vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji itunze daftari la ardhi, lakini wengi bado huuziana mashamba kwa kikaratasi kilichoandikwa mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili. Mashahidi wakifa, shamba huuzwa mara ya pili. Mama yangu mdogo, mjane, alipoteza ekari zake kwa namna hiyo, na inaniuma mpaka leo.

Serikali ivisaidie vijiji kujenga masjala, yaani ofisi ya kutunzia daftari hilo, na nakala ya daftari ihifadhiwe wilayani. Majina ya mke na mume yaandikwe pamoja, na mnunuzi aruhusiwe kulisoma daftari kabla hajatoa fedha yake.

Msomaji wako,
Morogoro