Shukrani kwa fundi wa Gombani

Ndugu yangu uliyenikuta Gombani, Chake Chake, gari langu kuukuu likinguruma kama mashine ya kusaga: ahsante. Nilishaambiwa ninunue kompresa nzima ya AC, ile pampu ya gesi ya kiyoyozi. Wewe uliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kompresa, sikio kwenye mpini, ukacheka. "Beringi ya puli tu hii, hili gurudumu la mkanda. Puli inazunguka hata AC ikizimwa." Ukavua mkanda, ukaizungusha puli kwa kidole, ikakwaruza kama ina mchanga. Ukatia beringi mpya, gesi hukuigusa. Pesa ya kazi ukaikataa, ukapokea dafu moja. Jina sikukuuliza, wallahi naona haya. Allah akulipe kheri. Anayemjua amfikishie salamu: tumefika Mkoani kimya, mama kalala njia nzima.