Bangili za mabinti wa softboli

Area C, Dodoma

Rafiki yangu Neema,

Salamu nyingi, na wasalimie nyumbani. Ujumbe wako kuhusu zawadi za timu ya mabinti wa softboli (mchezo wa gongo, ndugu wa besiboli) hapo Mpwapwa nimeupata. Bangili zenye vining'inio zitawafurahisha, ila usilipie kitu kabla hujasoma haya.

Angalia kwanza kining'inio cha mpira. Mpira halisi wa besiboli ni mweupe, una mishono pacha 108 ya uzi mwekundu na mzunguko wa kama sentimita 23. Wa softboli unafika sentimita 30, na siku hizi ni wa njano. Wauzaji wengi hukupa mweupe tu, eti yote ni mamoja. Mabinti watapokea kwa adabu, halafu wachekee pembeni. Kining'inio cha kituo cha nyumbani, yaani kile kibao cha chini anaposimama mpigaji, nacho kiwe na pembe tano. Chenye nne kirudishe. Mpira, gongo na namba ya jezi vinatosha. Ukijaza vining'inio, mkono utalia kama mbuzi mwenye kengele.

Shida kubwa iko kwenye vipete, vile viduara vya waya vya kuunganishia vining'inio na mkufu. Chukua vya waya wa milimita 1, upana milimita 6. Vyembamba hufunguka kining'inio kikinasa kwenye sweta, na mpira ndio umepotea. Kufungua, shika kipete kwa koleo mbili ndogo, ncha moja isukume mbele, nyingine irudishe nyuma. Ukizivuta kuzitanua, duara haliwi duara tena. Ukishafunga, pitisha uzi wa kushonea kwenye kiungo: ukipenya, bado hujafunga.

Pima kila mkono kwa uzi, ongeza sentimita 2. Mkufu uwe wa chuma kisichoshika kutu. Vile vilivyochovywa rangi ya dhahabu huchujuka kwa jasho, na vyenye nikeli huwasha baadhi ya watu. Maji ya visima vya chumvi huacha utando mweupe, kwa hiyo zikilowa zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Uwanjani wazivue. Bangili ikinasa mchezaji anapoteleza kuwahi kituo, mkono unaumia, na mwamuzi naye anaweza kumwambia aivue. Wasiopenda kuvaavaa, wawekee kishikizo cha kuning'iniza kwenye zipu ya begi.

Nitumie vipimo na namba za jezi kwa pamoja. Namba 6 na 9 zipigie mstari chini, maana zikining'inia hugeuka, na wenyewe watagombana.

Wako,
Mariamu