Barua kwa mwanangu: hiyo karatasi ya Jumatatu

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, babako goti linamsumbua lakini msikitini anafika.

Mjomba wako kanambia studio ya huko Nairobi imekupa mkataba, na Jumatatu unakwenda kutia sahihi. Yaani mimi nasikia kwa mjomba! Haya, hilo tutalizungumza ukija. Sasa nakuomba moja: usitie sahihi kabla mtu anayejua sheria hajakusomea karatasi yote, mwanzo hadi mwisho.

Utasema mama anajua nini habari za roki. Magitaa hayo ya umeme yananiuma kichwa, sikufichi. Lakini huyo Tracy Chapman wako, mwimbaji wa Marekani aliyebandikwa ukutani chumbani mwako, nimemwambia mjomba anisomee habari zake. Ya tamasha la Wembley, London, Juni 1988, mwimbaji Stevie Wonder alipokosa vifaa vyake na yule binti akapandishwa tena jukwaani na gitaa lake tu, unayajua kuliko mimi. Ile ilikuwa riziki yake, na riziki hapangi mtu. Wewe unampendea sauti. Mimi nimempendea makaratasi yake.

Tazama. Wimbo wake wa Fast Car kautunga peke yake. Mwaka 2023 akatokea Luke Combs, mwimbaji wa kantri, akauimba upya, ukavuma Marekani nzima. Rekodi ile ni ya upande wa Combs, lakini wimbo ni wa aliyeutunga. Na redio za kwao hulipa watunzi, si waimbaji! Kila ulipopigwa, fungu la mtunzi lilikwenda kwa mama yule, naye ametulia nyumbani kwake. Novemba mwaka huohuo wakampa tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri, ya wimbo bora wa mwaka, mtunzi mweusi wa kwanza kuipata, na ukumbini hakwenda. Miaka 35 baada ya kuutoa! Angekuwa aliuza haki zake zote ujanani kwa sababu kodi ya nyumba imemkaba, angekuwa anausikia redioni kama sisi tunavyousikia.

Nicki Minaj, yule rapa wa Marekani, naye alimwomba Chapman ruhusa ya kutumia wimbo wake mwingine, akakataa. Uliposikika redioni bila idhini, akaenda mahakamani, na mwaka 2021 shauri likaisha kwa yeye kulipwa dola 450,000. Mtu huweza kusema hapana pale tu penye chake.

Sheria yetu ya Kenya nayo inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hiyo ni mali ya wajukuu zangu. Wala hawezi kunyang'anywa kwa maneno matupu, kuuza lazima kuwe kwa maandishi na sahihi yake. Ndiyo maana naiogopa kalamu yako kuliko hiyo Nairobi. Mambo ya shamba la bibi yako unayajua, sina haja ya kuyarudia.

Waulize: wimbo ni wa nani, na rekodi ni ya nani? Kwa miaka mingapi? Wakikwambia haya ni mambo ya kawaida, kila msanii hutia sahihi, ondoka. Na nyimbo zako kaziandikishe Bodi ya Hakimiliki kabla hujawapa hata moja.

Wimbo ule wa bahari uliotutumia, babako aliusikiliza akajifanya anatafuta miwani. Jirani alipoanza maneno yake ya mtoto wa kike na gitaa, nilimwambia Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi mwaka 1928, akanyamaza. Lakini kuimba mabaani hadi saa nane za usiku sikukutuma mimi, na simu yangu uwe unaipokea. Lile gitaa la zamani lipo, sikulitupa kama nilivyosema siku ile. Nimelifunga kanga lisiliwe na chumvi.

Kama ni kodi inayokuharakisha, sema. Bangili zangu zipo, na huku sina harusi ya kwenda mpaka baada ya Maulidi.

Boriti ya chumba cha juu imeliwa na mchwa, fundi anataka pesa kabla hajaleta hata msumeno. Kakako kaenda Matondoni kutazama mashua, sijui atainunua kwa nini. Mahamri yanatoka vizuri tangu watalii warudi Shela.

Piga picha kurasa zote za huo mkataba, pamoja na zile za herufi ndogo, umpelekee mjomba leo hii. Ana rafiki yake wakili Malindi, atausoma kabla ya Jumatatu. Na akitokea mtu anayepanda basi la Lamu, mpe sufuria yangu kubwa uliyoondoka nayo. Mwambie asiisahau Mokowe kwenye boti.

Mamako